Funza wa BSF wanapungua ubora? Mwongozo wa kupima, kuhesabu na kuchagua mbegu

Maswali ya wanaofuga BSF (black soldier fly, nzi mweusi ambaye funza wake hula taka na kulishwa kuku) ni yale yale kila mara. "Mbona funza wangu wa saa hii ni wadogo kuliko wale wa mwanzo?" "Nzi wamejaa kwa keji lakini mayai hakuna." "Nilinunua gramu tano za mayai nikapata funza wa kujaza sufuria moja, niliibiwa?" Nimeona niandike yote pahali pamoja, hasa kwa nyinyi mlioanza juzi hapa Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega, na pia watu wa Nakuru ambao baridi inawasumbua.

Karibu maswali hayo yote yana jibu moja: hakuna kitu kilipimwa. Mtu anafunua krate, anaona funza wanachezacheza, anafunika, anasema wako sawa. Ubora wa mdudu huanza kuanguka kizazi kimoja kabla jicho lako lione. Funza asiposhiba anakuwa nzi mdogo, nzi mdogo anataga mayai machache, hayo machache yanaanguliwa vibaya, na ukija kushtuka umepoteza mwezi na nusu na huna mbegu ya kurudia. Halafu kuna hii tabia ya kuuza wanono wote na kubaki na makapi ndo yawe wazazi, hiyo peke yake imefunga mabanda mengi kuliko ugonjwa wowote.

Sitaeleza kujenga banda. Mzunguko nao ni huu tu: mayai siku tatu au nne kwa joto zuri, watoto siku tano kwa kitalu (chombo cha kulelea wadogo), wiki mbili hivi za kula, halafu wanageuka weusi na kuacha kula, wanalala kama pupa wiki mbili au zaidi, wanatoka nzi ambao wanaishi kama wiki moja na kidogo. Nzi hawahitaji kula, maji yanawatosha, na wanapandana kwa mwanga wa jua. Mengine utajifunza ukienda.

Kabla uanze, tafuta hivi vitu

- Mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja moja, na ile ndogo ya watu wa dhahabu inayosoma hadi 0.01. Hiyo ndogo usiikwepe, mayai hayapimiki bila hiyo.
- Vipimajoto viwili, kimoja cha hewa ya banda, kingine cha kuchomeka ndani ya krate.
- Chekeche mbili, moja ya matundu madogo sana ya watoto, moja ya funza wakubwa.
- Daftari gumu, peni, na maka ya kuandika kwa krate. Simu ni sawa lakini mikono ikiwa imechafuka utaahirisha kuandika, na ukiahirisha umesahau.
- Karatasi nyeusi na karatasi nyeupe, kijiko, tochi.
- Mikebe midogo kama kumi na vipande vya neti ya kufunika.
- Mash ya vifaranga, mfuko mmoja uweke kavu. Hii si ya kulisha banda zima, nitaeleza chini.

Hatua zenyewe

1. Kila bechi ipe jina. Mayai ya siku moja au mbili ndo bechi moja, basi. Usichanganye ya Jumatatu na ya Ijumaa, juu wakubwa watawamalizia wadogo chakula na utavuna funza wa saizi tano tofauti kwa krate moja. Andika deti ya mayai, uzito wake na keji yametoka wapi, na hiyo namba ifuate bechi mpaka mwisho, kwa kitalu, kwa krate, kwa ndoo ya pupa. Bechi isiyo na jina huwezi kuilaumu wala kuisifu.

2. Pima mayai na uyaangalie. Vuna mayai kila siku ama kila siku mbili, usingoje ya nne, yataanguliwa hapo hapo kwa mbao za kutagia. Kwangua polepole na kisu butu ama kadi ya plastiki, pima. Gramu moja ina mayai zaidi ya 30,000, kwa hivyo kosa dogo la mizani ni maelfu ya funza. Mayai mapya yana rangi ya maziwa, yakikaa yanageuka manjano, na yakikaribia kuanguliwa ukiyamulika na tochi juu ya karatasi nyeusi utaona vidoa vidogo vya macho. Mayai yaliyokunjamana, makavu kama unga ama yenye ukungu, andika na utenge. Usiyaweke yaguse chakula kilicholowa, yataoza, yaweke juu ya kipande cha neti ili watoto wakitoka wadondoke wenyewe chini.

3. Hesabu watoto siku ya tano. Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo pesa iko. Kitalu kikikauka kidogo, chekecha watoto watoke kwa chakula, pima uzito wa wote. Halafu wachanganye polepole, chota gramu 2 upande huu, gramu 2 kule, gramu 2 katikati, hesabu kila fungu juu ya karatasi. Ndiyo, hesabu mmoja mmoja, ama piga picha ya karibu uhesabu kwa simu ukiwa umekaa. Tuseme umepata 590, 640 na 600. Wastani ni 610 kwa gramu 2, yaani 305 kwa gramu moja. Ukitaka watoto 10,000 kwa krate, pima gramu 33. Zidisha 305 na uzito wa watoto wote, gawanya kwa gramu za mayai uliyoweka, na utajua gramu moja ya mayai imekupa watoto wangapi, hiyo sasa ndo namba inakuambia kama mayai yalikuwa mazima ama uliuziwa maganda.

Mafungu matatu yakitofautiana sana, kama moja 300 lingine 700, hukuchanganya vizuri ama bechi ina watoto wa umri tofauti. Rudia.

4. Tenga krate ya shahidi. Naomba usiruke hii hata kama una krate nne tu. Kila bechi, chukua krate ndogo moja, weka watoto wa hesabu inayojulikana, mfano 500 kwa beseni dogo, na uwalishe mash ya vifaranga iliyolowekwa, chakula kile kile kila bechi, kiasi kile kile. Hawa wengine wape taka zako za kawaida, maganda ya soko la Kibuye, mabaki ya hoteli, machicha, matumbo ya samaki ya ufuoni Dunga, chochote unacho. Sasa mambo yakiharibika unauliza shahidi. Shahidi yuko sawa na wengine wamedumaa, shida ni chakula. Shahidi naye amedumaa, shida iko kwa mayai, wazazi ama joto, usipoteze muda kubadilisha taka. Bila shahidi utabahatisha tu, leo unalaumu ndizi, kesho mvua, keshokutwa yule aliyekuuzia mayai.

5. Chakula kipya kipite kwa mkebe kwanza. Kabla umwage mzigo mpya, weka funza 100 kwa mkebe na chakula kipya, na 100 kwa mkebe mwingine na kile wamezoea, ngoja siku mbili, hesabu walio hai. Funza wa BSF wanakula karibu kila kitu kinachooza, lakini dawa ya wadudu inawaua sawa na wadudu wengine. Mabaki ya maua kutoka upande wa Naivasha yanaweza kuwa na dawa nyingi sana, mi nasema uyaache kabisa hata ukipewa bure. Mboga iliyopulizwa jana, achana nayo. Mavi ya ng'ombe aliyepewa dawa ya minyoo ya ivermektini yanaua funza kwa siku nyingi baada ya sindano, na mavi ya kuku wa mayai uliza kwanza kama wanalishwa dawa ya kuzuia nzi, juu dawa hiyo haijui nzi wako na nzi wa choo. Taka za jua kali, zenye rangi ama vyuma, pia hapana, kuna metali kama kadimiamu inayojikusanya ndani ya mwili wa funza na inaweza kupita kwa kuku hadi kwa mtoto wako.

6. Lisha kwa mizani. Kipimo kinachofanya kazi kwa krate ya sentimita 60 kwa 40 ni funza 10,000 na kilo 15 za chakula chenye maji, kikigawanywa mara tatu, siku ya kwanza, ya tano na ya nane tangu watoto waingie krate, halafu unavuna kama siku ya 12. Chakula kisizidi kina cha sentimita 5, chini ya hapo hewa haifiki na kinaanza kunuka. Taka kavu inataka zaidi kidogo ya maji, matunda yanataka kupunguziwa. Kipimo cha maji ni mkono: shika konzi, kamua, yakitoka matone machache kati ya vidole ni sawa, yakitiririka ni mengi sana, changanya pumba, na kama unatoka upande wa Ahero pumba ya mchele si shida kupata. Kama hakuna tone, nyunyizia.

Joto linalowafaa ni nyuzi 27 hadi 30. Chomeka kipimajoto ndani ya krate, usitegemee cha ukutani, funza wengi wakila pamoja wanatoa joto lao wenyewe na ndani kunaweza kuwa moto kuliko hewa. Kisumu adui ni mabati saa nane mchana, ukiona funza wote wanapanda kingo kutoroka, fungua hewa, tandaza chakula, funika paa na nyasi. Nakuru ni kinyume, iko juu kama mita 1,850 na usiku wa Juni hadi Agosti unauma, funza hawafi lakini wanachelewa, kwa hivyo usivune kwa kalenda ya mtu wa Kisumu. Weka krate zikaribiane, funika na gunia, kitalu kiweke chumba chenye joto.

7. Pima funza 100. Siku ya kwanza, ya tano, ya nane na ya kuvuna, okota funza 100 kutoka pembe zote na katikati, wasafishe, pima, andika. Usiokote wanono, shika tu ambao mkono umefikia. Funza 100 waliolishwa vizuri wanaweza kufika gramu 15 hadi 20 siku ya kuvuna. Siku hiyo pima pia wote. Mfano umepata kilo 1.5, na funza 100 ni gramu 18, mmoja ni 0.18, gawanya 1,500 kwa 0.18 unapata kama 8,300. Uliweka 10,000, kwa hivyo 83 kwa kila 100 wamefika. Sasa una namba mbili, uzito na waliopona, na zinasema mambo tofauti. Wachache lakini wanono, kuna kitu kiliwaua mapema. Wengi lakini wembamba, njaa ama msongamano.

Usitafute namba ya mtu wa Uholanzi kwa intaneti ujilinganishe nayo. Jilinganishe na bechi zako tano zilizopita. Ikishuka mara moja andika, ikishuka mara mbili mfululizo simama utafute sababu.

8. Chagua mbegu kabla hujauza. Hii ndo moyo wa kazi yote na ningetaka uisome mara mbili. Krate za wazazi zisiwe zile zilizobaki. Tangu siku ya tano amua, krate hizi ni za mbegu, weka funza wachache kuliko kawaida, wape chakula kizuri zaidi ulicho nacho, na mtu akija na pesa mkononi usimpe kutoka hapo.

Wakigeuka weusi wataanza kupanda kutafuta pakavu, wawekee njia ya kushukia kwa ndoo yenye vumbi la mbao. Sasa sikia, usichukue tu wa kwanza kupanda. Madume hukomaa mapema kuliko majike, kwa hivyo ukijaza ndoo na wa kwanza tu utakuwa na keji ya madume, utashangaa nzi wamejaa lakini mayai ni ya kuhesabu. Chukua wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho. Ukifanya hivyo pia hulazimishi ukoo wako kuwa wa wale wenye haraka tu, juu mwenye haraka mara nyingi ndo mdogo.

Wazazi watoke kwa bechi kadhaa, sio mayai ya siku moja. Ukoo mdogo unaozaana wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi vingi unadhoofika na unaweza kuanguka ghafla wakati hujabadilisha kitu chochote. Badilishana mayai na mfugaji wa mbali, sio jirani aliyenunua kwako, mara moja ama mbili kwa mwaka. Na mgeni akifika akae peke yake, krate zake, vifaa vyake, mzunguko mzima mmoja, umpime kama hao wengine kabla umchanganye.

9. Jaribu pupa, halafu uangalie nzi. Kila bechi ya mbegu pima pupa 100, andika uzito, kisha waweke kwa mkebe wenye vumbi la mbao kavu na neti juu, pahali pa giza. Wakimaliza kutoka hesabu nzi waliotoka, wenye mabawa yaliyokunjamana, na waliokwama nusu kwa ganda. Mabawa mabovu wengi mara nyingi ni ukavu, joto kali ama pupa kusongamana, nyunyizia hewa kidogo, sio kumwagia maji.

Kwa keji yenyewe mwanga ndo kila kitu. Keji ikae panapopata jua la asubuhi, na wiki za mvua ndefu za Machi hadi Mei mayai yakishuka, angalia kwanza jua kabla hujalaumu ukoo. Maji wape kwa kitambaa kilicholowa ama kunyunyizia neti. Mbao za kutagia ziwe kavu, mwanya wa milimita moja ama mbili, na chini yake weka kibakuli cha kitu kinachonuka chenye neti juu. Mayai yakionekana kwa pembe za keji, mbao zako hawazitaki, zina unyevu, mwanya mbaya ama harufu imeisha. Mbao zioshe na maji moto na uzianike, boksi la karatasi tumia mara moja utupe.

10. Kuvuna na kukausha. Kwa ufupi: vuna kabla hawajawa weusi, waache masaa kadhaa kwa pumba kavu watoe uchafu wa tumbo, osha, tumbukiza kwa maji yanayochemka dakika chache, juu vijidudu vya salmonela haviondoki kwa jua tu, kisha kausha mpaka funza akivunjwa analia ka! Akijikunja bado ana maji na gunia litaota ukungu. Gunia lisikae sakafuni.

Makosa ninayoyaona sana

Kuanza na kitalu kichafu. Mtu anafanya kitalu, anakoroga krate ya taka, anarudi kwa kitalu na mikono ile ile. Anza kazi kwa wadogo, malizia kwa wakubwa na taka, sio kinyume.

Kuandika namba nzuri tu. Bechi mbaya ndo inafundisha, iandike yote.

Kubadilisha vitu vitatu mara moja. Umehamisha krate, umebadilisha chakula, umeleta mayai mapya, wiki hiyo hiyo, sasa ikiwa mbaya utajuaje ni nini? Moja kwa bechi moja.

Kuzuia siafu kwa kupuliza dawa. Dawa itafika kwa funza. Miguu ya rafu isimame kwa mikebe yenye maji ama oili chafu, na hakikisha hakuna jani ama kamba inagusa ukuta, hilo ndo daraja lao. Mijusi na panya ni neti na kuziba mashimo.

Shida na pa kuanzia

Funza wadogo lakini wengi: angalia shahidi. Kama yeye ni mnono, ongeza chakula ama punguza idadi, na upime tena kabla ya kusema taka ni mbaya.

Krate inanuka vikali na nzi wa nyumbani wamejaa: maji mengi ama chakula kimezidi walaji. Usilishe siku mbili, geuza, ongeza pumba. Krate yenye funza wa kutosha hainuki hivyo.

Watoto wachache siku ya tano: rudi kwa daftari, uzito wa mayai ulikuwa ngapi na rangi gani? Kama mayai yalikuwa sawa, kitalu kililowa sana wakazama ama kilikauka. Kama ni mayai ya kununuliwa, pima siku ile ile yanafika, piga picha, mtumie muuzaji hesabu ya siku ya tano, mtu wa haki ataelewa namba.

Vidoa vidogo vinavyotembea juu ya krate na pupa: utitiri. Punguza unyevu, toa mabaki ya zamani, krate ioshwe na ikauke juani.

Pupa hawatoki na ganda lina kitundu cha mviringo: hapo kuna nyigu mdogo mweusi ametaga ndani. Nzi mwenyewe akitoka hupasua ganda upande wa kichwa, hatoboi tundu safi. Choma ama chemsha ndoo nzima ya bechi hiyo, pupa wote wanaofuata wakae ndani ya neti ya matundu madogo sana, na usitoe mbegu kwa mtu mwingine mpaka mizunguko miwili ipite bila tundu hata moja.

Nzi wengi, mayai hakuna: jua kwanza, maji ya pili, harufu ya tatu. Kama zote ziko, kusanya nzi 50 waliokufa uwatenge majike na madume, jike ni mkubwa na tumbo la nyuma lina ncha ndefu ya kutagia. Wakiwa madume karibu wote, rudi hatua ya 8.

Kila kitu kimeshuka pamoja, shahidi pia, joto liko sawa, bechi ya tatu sasa: huo ni ukoo. Usijaribu kuuokoa kwa chakula kizuri. Tafuta mayai ya mfugaji wa mbali, yaweke peke yake, na uanze kuhesabu upya kutoka hatua ya kwanza.